Nilipokea Pole za Msiba wa Baba Akiwa Hai, Kisa Wembe

Jamani, mimi ni mkosaji na sina pa kujificha. Nilimuua baba yangu Jumamosi moja asubuhi, kwa wembe, na muda huo yeye mwenyewe alikuwa kwake Magu anakunywa chai kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Msikimbilie polisi. Sikumgusa mzee. Niligusa kidevu changu tu, ulimi ukamalizia.

Jina langu naliacha. Naishi Buswelu, nafanya kazi kiwandani Nyakato, na mtaani nilijulikana kwa vitu viwili: nywele nyingi na maneno mengi.

Yote yalianza na vipele. Kila nikinyolewa ndevu kwa mashine, kidevu kinakuwa kama ganda la fenesi. Siku moja kwenye simu nikaona wanaume wananyoa kwa wembe wa kukunja, ule wa zamani wenye mpini, povu jeupe, taulo la moto, wametulia kama wafalme. Nikasema hii ndiyo yangu! Nikamkumbuka baba. Tangu tukiwa wadogo alinyoa kwa wembe kama huo, anaunoa kwenye mkanda wa ngozi, chwa, chwa, na kidevu chake hakijawahi kuota kipele hata kimoja.

Krismasi nikaenda Magu, nikauomba. Mzee akaniangalia.

"Wembe huu haufundishwi kwa mdomo. Kaa siku mbili nikuelekeze."

"Baba, nimeshaona kwenye simu."

"Simu ina ndevu?"

Nikacheka, nikamwambia nina haraka, kesho naingia kazini. Uongo mtupu! Nilikuwa na likizo hadi Jumatatu, kilichokuwa kinanivuta mjini ni mpira. Mzee akaufunga wembe kwenye kitambaa, akanikabidhi, akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Nikaona nimepewa baraka. Kumbe nimetukanwa.

Kiwandani nikatangaza: mwanaume hanyolewi kwa umeme! Mtaani nikamtambia kila mwenye masikio, hasa mume wa Mama Kulwa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kinyozi wangu nilimfuata kabisa nikamuaga kwa mkono, nikamshukuru kwa utumishi wake.

Basi Jumamosi hiyo mke wangu alikuwa Musoma kwa mama yake, yeye na mtoto. Nikatundika kioo dirishani.

Nilianza kwa kunoa. Baba huuvuta wembe mgongo ukitangulia, makali yanafuata nyuma. Mimi nikasukuma makali mbele, mkanda wa suruali ukakatika vipande viwili. Mwenzenu nikafurahi! Nikasema kama umekata mkanda, ndevu zitaponea wapi?

Povu nilipiga kwa sabuni ya kufulia. Simu ilisema wembe uulaze kwenye ngozi. Nikaulaza, nikaona haukati, nikausimamisha. Ukakata. Ulikata ndevu, ukakata na shavu, na niliposhtuka mkono ukapanda ukaondoka na nywele zote za juu ya sikio.

Hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikahamia kushoto ili nisawazishe. Kushoto kukazidi kulia. Nikarudi kulia. Nikawa napanda kidogo kidogo kama jirani anayekula mpaka wa shamba, hadi nikabaki na nywele za utosini tu, jogoo mtupu. Ikawa sasa ni kusuka au kunyoa. Nikanyoa zote.

Nilipomaliza, mbele kichwa kinang'aa, nyuma kusikoonekana vimebaki vishungi, sabuni imeingia machoni, macho mekundu, machozi yanatiririka. Nikachukua ndoo nikaenda bombani kunawa.

Sasa kwetu, mzazi akifa, watoto wananyoa nywele. Mtu wa manywele mengi akitoka asubuhi na kipara, tena analia, hakuna anayemuuliza amenyolewa saluni gani.

Mama Kulwa aliniona, ndoo ikamponyoka. "Uuwi! Baba nanii! Ni mzee?"

Jibu lilikuwa fupi, wenzangu. "Hapana, nimejikata." Maneno mawili tu! Lakini nilikumbuka nilivyomtambia mume wake wiki nzima, nikaona aibu. Nikainamisha kichwa.

"Ndo hivyo, Mama Kulwa. Kazi ya Mungu."

"Maskini! Kimempata nini?"

"Presha."

Nilidhani yataishia pale bombani. Thubutu! Chai yangu haijachemka, turubai linafungwa uani kwangu. Akina mama wakaingia na masufuria, mkaa, sukari, unga. Kwaya ya jumuiya ikaja. Msimamizi wangu akatuma salamu kwamba nisionekane kazini, nikazike kwanza. Kila mtu anauliza, tunasafiri lini kwenda Magu? Nikajibu tunasubiri ndugu. Ndugu gani, jamani? Simu yenyewe nimeizima!

Na niseme lililo chungu zaidi: nilianza kupazoea. Naletewa chai, naletewa kiti, nikikohoa tu watu wanasema jikaze baba. Kwaya ilipoimba nikakumbuka zile siku mbili alizoniomba nikae, nikalia kilio cha kweli kabisa. Nilimlilia mzee mzima wa afya ambaye tangu Krismasi sikuwa nimempigia hata simu ya salamu.

Mama Kulwa akampigia mke wangu huko Musoma kumpa pole. Mke wangu akalia, akafunga begi, kisha akapiga namba ya baba ili yeyote atakayepokea ajue kwamba mkwe yuko njiani.

Akapokea marehemu.

Saa tisa alasiri pikipiki ikasimama nje. Akashuka mzee, koti lake, kofia yake, fimbo yake. Mama Kulwa alimfahamu tangu ubatizo wa mwanangu. Alipiga ukelele mmoja, akakimbilia nyuma ya tangi la maji. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Nimekuja msibani."

Akaketi mkekani. Akapewa chai, akainywa taratibu.

"Nasikia nilikufa kwa presha."

"Ndiyo, baba."

"Afadhali. Nilihofia umenipa kuhara."

Watu wakavunjika mbavu! Mama Kulwa mwenyewe akatoka nyuma ya tangi anafuta machozi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Ikabidi niseme yote mbele ya turubai: simu, mkanda, sabuni, kila kitu.

Mzee akaomba wembe. Akavua mkanda wake kiunoni, akampa mume wa Mama Kulwa ashike ncha moja, akaunoa, mgongo ukitangulia, chwa, chwa. Akanikalisha kwenye kigoda mbele ya waombolezaji wangu wote, akaanza na vile vishungi vya nyuma.

"Ngozi ivute. Hivi. Wembe ulaze. Usiukandamize, una uzito wake. Ukiona haukati, unoe, usiusimamishe. Umesikia, ng'wanawane?"

Kwa Kisukuma hiyo ni "mwanangu." Hakuwa ameniita hivyo tangu nioe. Nilishukuru kwamba uso wangu ulikuwa umeangalia chini.

Alipomaliza akakipangusa kichwa changu kwa kiganja. "Sasa siku nikifa kweli, utanyoa nini?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Mjinga mimi!

Akalala kwangu siku mbili, zile zile alizoniomba. Kila asubuhi tulisimama wawili mbele ya kioo, yeye kidevu chake, mimi changu.

Mzee alifariki mwaka huu, kabla ya mavuno. Na ilikuwa presha.

Mke wangu alikuwa ametangulia Magu kumwangalia, tukijua ni homa za kawaida. Alinipigia asubuhi kumepambazuka. Nikakaa kwenye kitanda, sijui muda gani. Kisha nikatundika kioo dirishani. Nikaunoa wembe, mgongo ukitangulia. Nikaivuta ngozi, nikaulaza, nikauacha ufanye kazi kwa uzito wake. Nilinyoa kichwa kizima, mbele na nyuma, bila mkwaruzo hata mmoja.

Nikachukua ndoo, nikaenda bombani.

Mama Kulwa aliponiona akashika kiuno, akaangua kicheko. "Weee, Baba nanii! Wembe ni ule ule!"

"Mama Kulwa, mzee amefariki."

"Kwa presha?"

"Kwa presha."

Alicheka mpaka akakaa chini. Machozi yakanitoka, naye akawaita wenzake waje waone, eti safari hii nimejifunza na kulia.

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilikwenda Magu peke yangu. Turubai halikufungwa, kwaya haikuja, na wale walioimba vizuri kumuaga mzee akiwa hai hawakuwepo siku aliposhushwa kaburini. Walikuja kwangu Buswelu baada ya siku nne, walipomwona mke wangu naye amerudi kanyoa. Mama Kulwa alitangulia, kajifunika kanga hadi machoni, analia kwa kwikwi. Nilimpa mkono. Kosa halikuwa lake.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Haya, mimi hapa nimenyolewa mara mbili, tieni maji! Ukijikata, sema umejikata. Kidonda cha kidevu kinapona kwa wiki moja, na aibu yake haizidi hapo.

Na mzee wako akikwambia kaa siku mbili nikuelekeze, kaa, mpira utaukuta. Mimi siku zangu mbili ilibidi aniletee mwenyewe, kwa pikipiki, akiwa marehemu.