Sauti ya Pili Haikushuka

Wiki ya tatu baada ya kumzika mume wangu nilirudi kwenye kwaya yetu ya Kisauni. Ibada ya kumkumbuka ilikuwa karibu, nami nilitaka kuimba sauti yangu, sauti ya pili. Hatukumaliza ubeti. Mwalimu aliondoa mikono kwenye kinanda.

"Mama, unashuka. Fuata kinanda."

"Sishuki, mwalimu."

"Msiba umemlegeza koo," akasema mwenzetu wa sauti ya kwanza, na wengine wakacheka chinichini. "Siku hiyo akae tu, tutamwimbia."

Nifuate kinanda, au ninyamaze katika ibada ya mume wangu mwenyewe.

Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini jambo hili nilifundishwa nyumbani. Mume wangu alikuwa fundi wa vyuma, na wakati wa vita vya dunia, vipuri vilipokosekana, yeye ndiye aliyekitengeneza kinanda kile. Siku moja alikaza waya juu ya ubao, akaudonoa. "Hiyo ni sauti ya nne, ile nzito, yangu," akasema. Akaugawa sehemu tano sawa, akaubana kwenye alama ya nne. Zile sehemu nne zikatoa noti yangu, safi, zikatulia juu ya yake kama maji mtungini.

Kisha akachukua kilimi cha shaba kinacholia ndani ya kinanda kwa noti yangu hiyo hiyo, akakikwangua ncha kwa tupa ili sauti ipande. Nikamuuliza mbona anakiharibu. Akasema kinanda kina noti chache, na nyimbo huanzia popote. Kila noti hupunjwa au kuzidishwa kidogo ili zote zivumiliane.

Nikamweleza mwalimu hayo yote, nimesimama.

"Kwa hiyo kinanda kinadanganya?"

"Ndiyo. Kwa sababu njema, lakini kinadanganya. Kifunge, tuimbe ubeti mmoja, mimi na huyu wa sauti ya kwanza anayelijua koo langu."

Wanawake wakaguna. Mwalimu akakifunga.

Mwanzoni sauti zetu mbili zilitetema, wa-wa-wa, kila mmoja akimvuta mwenziwe. Mimi sikuisogeza sauti yangu. Yeye akaisogeza yake, nadhani bila kujua, na mtetemo ukakoma. Hapo chini ya sauti zetu kukavuma sauti nzito, hafifu.

Mwenzangu akageuka. "Nani huyo anaimba ya nne?"

Wanaume wote walikuwa wamefunga midomo.

Sitasema alikuwa yeye. Ningependa kusema hivyo, lakini aliniambia mwenyewe akiwa hai: sauti mbili zikipatana barabara, tofauti ya mitetemo yake husikika masikioni kama sauti nyingine, nzito. Ni hesabu. Ilitokea tu kwamba hesabu hiyo iliangukia noti yake.

Siku ya ibada mwalimu alikifunga kinanda kwa ubeti mmoja, wa mwisho. Kwenye beti nyingine zote kilipigwa, na sauti yangu ikatetema nacho mbele ya watu, na baadhi yao walitikisa vichwa kwa kunihurumia. Sikupanda kukifuata hata kidogo.