Kuku wa Kando ya Kanisa

Tarehe 3 Septemba 2011, Editha Palisoc alishuka katika uwanja wa ndege wa Hong Kong akiwa na mkataba wa miaka miwili wa kazi za nyumbani, sanduku moja, na mfuko wa mchele ambao mama yake alimlazimisha abebe, kana kwamba anakwenda nchi isiyojua wali. Binti yake, Mika, alikuwa na miaka mitatu. Alimwacha kwa bibi yake huko Calasiao, mji wa Ufilipino ambao sifa yake ni vikeki vyeupe vya mchele, ndugu wa vitumbua, ila hupikwa kwa mvuke.

Mkataba ule ulizaa mwingine, na huo ukazaa mwingine. Kila ulipokaribia kwisha, Editha aliwaambia watu wa nyumbani kwamba huu ndio wa mwisho. Kila ulipokwisha, palizuka jambo: ada ya Mika, maradhi ya baba, mazishi ya baba. Safari hii, mwaka 2023, alikusudia kweli. Mwezi wa Mei alimwambia mwajiri wake, Bi Kwok, kwamba hatasaini tena. Bi Kwok alisikitika kwa adabu, na kabla ya wiki kwisha akawa ameshapata msichana wa Kiindonesia wa kushika nafasi yake.

Editha hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na kibanda.

Mama yake, Consolacion, amekaanga kuku kando ya kanisa la Calasiao tangu Editha hajazaliwa. Watu hutoka misa na kwenda moja kwa moja kwenye karai lake. Ngozi ya kuku wake ni nyembamba na hupasuka kama karatasi kavu. Nyama ina majimaji. Na ukishameza, ndipo uchachu mdogo unapopanda kooni, kama mtu aliyekumbuka neno baada ya kuaga. Anavyoupata uchachu huo hakuna aliyejua. Alipochanganya vitu vyake aliwageuzia watu mgongo, na aliyechungulia alipigwa na mwiko.

Editha aliomba kuonyeshwa kabla ya kuondoka. Mama akakataa.

"Kibanda ni chako," alimwambia. "Siku utakayofunga aproni hii, siku hiyo nitakuonyesha. Si kwa simu, si kwa barua. Mkono kwa mkono."

Familia nzima ilisikia. Hata Rodel, kaka yake mdogo, alisikia, akacheka na kusema yeye hana haja na kazi ya kurukiwa mafuta usoni.

Kwa miaka kumi na miwili, basi, Editha alitafuta katika Hong Kong kuku wa kumshikilia mpaka siku hiyo. Alikula kuku wa Kikantoni, mwenye ngozi ya kung'aa kama kiatu cha polisi, aliyekatwakatwa pamoja na mifupa hadi unakula kwa tahadhari. Alikula kuku wa Kikorea, akalalamika kwamba wamempaka jamu. Alipanga foleni na Wafilipino wenzake kwenye mkahawa wa kwao, kuku na wali na mchuzi mzito wa kahawia, na akatoka akisema mchuzi ni mzuri, kuku ni wa kuusindikiza mchuzi. Alijaribu mwenyewe katika jiko la Bi Kwok, kwa siki, kwa ndimu, kwa maji ya achari ya papai bichi. Watoto wa Bi Kwok walipenda wote. Editha hakupenda hata mmoja.

Wenzake walimjua kwa jambo hilo. Jumapili ni siku ya mapumziko ya wafanyakazi wa nyumbani, na siku hiyo barabara ya Chater, katikati ya mabenki, hufungwa magari na kujaa wanawake wanaotandika maboksi ya kadibodi na kukaa kutwa: wanakula, wanasukana, wanaongea na watoto wao kwa simu. Kikundi cha Editha kilikaa mahali pale pale, karibu na nguzo, na kilikuwa na Marivic, mwenye sauti kubwa kuliko wote, na Nenita.

Nenita ni wa Calasiao pia. Ndiye aliyemshika Mika siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo yeye na Editha hawakuitana tena kwa majina. Walikuwa Mare, kila mmoja kwa mwenzake. Kwa watu wa kwao, huyo ni zaidi ya rafiki na karibu na dada, na ni mtu usiyemficha kitu.

Nenita alikwenda nyumbani likizo wakati wa Pasaka. Editha alimpa mzigo wa kupeleka: viatu vya Mika, na dawa ya kuchua, kwa sababu mama alilalamikia kifundo cha mkono. Nenita aliporudi alisema mzigo umefika, mama anasalimu, Mika amekuwa mrefu. Hakuongeza, na Editha hakuuliza.

Jumapili ya tarehe 11 Juni ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Editha. Marivic alileta tambi ndefu za bahati, mtu mwingine akaleta keki. Nenita alifika mwisho, akiwa amekumbatia bakuli lililofungwa kwa taulo. Mwajiri wake, mzee mjane, hulala kwa bintiye kila mwisho wa wiki, na jiko hubaki la Nenita.

"Mare, nimekukaangia kuku," alisema.

"Mungu atuhurumie," alisema Marivic. "Sasa tutasomewa hukumu. Huyu akifika mbinguni, kabla ya kuingia atauliza nani anakaanga."

"Na jibu lisiponiridhisha narudi," Editha alisema.

"Utarudi wapi, bibi wewe? Meno yenyewe yanakuaga!"

Wakacheka. Editha alichukua paja, akauma. Ngozi ilipasuka. Alitafuna taratibu, akameza, na wenzake wakamtazama wakingoja kasoro. Kasoro haikuja. Uchachu ukapanda.

Aliliweka paja juu ya kifuniko cha bakuli.

"Vipi?" Marivic aliuliza. "Sema basi. Chumvi?"

"Mzuri," alisema Editha.

"Mzuri! Jamani, andikeni tarehe! Nenita, umemkomesha!"

Nenita hakucheka. Alikuwa anakunja taulo, analikunjua, analikunja tena. Editha alimtazama mikono.

"Mare," alimwambia, "nisindikize chooni."

Walikwenda mpaka kwenye kona ya jengo, mahali ambapo upepo wa baridi wa benki hutoka mlangoni na wanawake husimama kujipoza. Editha hakuingia chooni.

"Nani kakuonyesha?"

"Kunionyesha nini, Mare? Kuku ni kuku. Nimebahatisha."

"Mimi nimebahatisha miaka kumi na miwili. Nani kakuonyesha?"

Nenita alitazama chini. "Hakuna aliyenionyesha. Nimeona tu."

"Umeona wapi? Mama hugeuza mgongo."

"Siku hiyo hakugeuza. Alikuwa anamfundisha Jovelyn. Mimi nimesimama pale na viatu vya Mika mkononi, wala hawakunifukuza."

Jovelyn ni mke wa Rodel. Editha alikutana naye mara moja, kwenye likizo yake ya mwisho, mwaka 2019, kabla maradhi ya dunia hayajafunga viwanja vya ndege. Msichana mpole, aliyecheka akiwa ameziba mdomo.

"Anamfundisha ili amsaidie," Editha alisema.

Nenita alilikunja taulo tena.

"Nenita." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina tangu ubatizo. "Aproni iko kwa nani?"

"Kwa Jovelyn. Tangu mwaka jana. Mama mkono wake hauinui karai. Anakaa kwenye kiti, anaelekeza." Akaanza kulia. "Aliniomba nisikwambie. Akasema atakwambia mwenyewe ukifika, kwamba mambo ya namna hii si ya simu."

"Na Mika anajua?"

"Mika anawafungia wateja wali. Akitoka shule."

Editha aliongea na Mika kila Jumapili. Alijua alama zake za hesabu, na jina la mvulana ambaye Mika alisema hampendi. Habari ya kufunga wali hakuwahi kuisikia.

"Kwa nini basi umenipikia?" aliuliza. "Ungenyamaza na kuku wako."

"Sijui. Ilikuwa inaniwasha. Nilitaka ule japo mara moja, Mare. Nilidhani utafurahi, basi, usiulize."

"Mimi? Nisiulize?"

Pale pale, mgongo ukiwa kwenye kioo cha benki, alipiga simu nyumbani. Mama alijitokeza kwenye kioo cha simu akiwa kitandani, pazia la kijani nyuma yake. Tangu mwaka jana aliongea akiwa chumbani tu. Alisema kibandani mtandao haushiki.

"Mwanangu! Hongera ya kuzaliwa! Umekula tambi?"

"Nimekula kuku, Mama. Toka nje unionyeshe kibanda."

"Kuna moshi, utaona nini?"

"Nitamwona Jovelyn."

Mama aliinua mkono wa kulia, ule mbovu, akajifuta mdomo.

"Nenita huyo," alisema. "Nilimwambia."

"Aliyeniambia ni kuku wako. Kwa nini, Mama?"

"Ulisema unarudi. Mwaka ule wa pili ukasema unarudi. Ukasema baba akipona, ukasema baba akizikwa. Mimi nakaanga na kungoja, mpaka mkono ukafa. Ningefanyaje, nifunge? Watu wanatoka misa na njaa."

"Ungeniambia."

"Nilitaka. Rodel akasema tungoje kwanza paa liishe."

Paa la kibanda, la bati jipya la buluu, lilimalizika mwezi wa Aprili. Editha ndiye aliyelitumia pesa, msimu baada ya msimu, na picha yake ndiyo iliyopamba kioo cha simu yake, hapo nyuma ya uso wa mama. Aliwahi kumwonyesha Marivic. Aliwahi kumwonyesha hata Bi Kwok.

"Mmengoja paa," alisema.

"Usilichukulie hivyo. Jovelyn ana mimba, Rodel hana kazi ya maana. Wewe una kazi. Na ukirudi, nafasi ipo, mtasaidiana. Unaweza kukata vitunguu." Mama akasogeza uso karibu. "Sikiliza, kama ni ile siri, nakupa. Sasa hivi. Chukua kalamu."

"Si kwa simu, Mama," Editha alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akakata. Nenita alikuwa bado amesimama kando, ameshika taulo lake.

"Nenda kaombe radhi, Mare," alisema. "Yule ni mama."

"Jumapili ijayo mzee wako hayupo?"

"Hayupo."

"Nakuja asubuhi. Utanionyesha ulichokiona, tangu mwanzo."

"Mimi? Nimuuze mama yako?"

"Umeshamuuza, na mimi umeniuza. Chagua wa kumrudishia."

Jumapili iliyofuata Editha hakwenda kanisani. Katika jiko la mzee mjane, Nenita alifunua mtungi, na harufu ikamfikia Editha kabla hajachungulia: mchele uliolowekwa, ukasagwa, ukaachwa uchachuke. Lilikuwa rojo la vikeki vyeupe, ambavyo kila nyumba ya Calasiao huvila asubuhi. Consolacion huchukua masalio ya siku, yaliyochachuka kupita kiasi na yasiyofaa tena kwa vikeki, huyazimua kwa maji ya chumvi, huchovya kuku na kumkausha mbele ya feni kabla ya kumwingiza karaini. Siri yenyewe ndiyo hiyo. Masalio hayo yalitoka kwa jirani yake, Pacing, mjane anayepika vikeki ng'ambo ya barabara. Kila jioni Consolacion huenda huko na bakuli lililofunikwa, na mtaa mzima siku zote umedhani anakwenda kusengenya.

Editha alikaanga vipande vitatu. Vilitoka sawasawa. Alikula kimoja akiwa amesimama, viwili akampa Nenita. Hakusema kwamba ni vizuri.

"Pacing bado yuko peke yake?" aliuliza.

"Wanawe wako Dubai. Anasema amechoka, anatafuta mtu wa kushika nusu ya meza yake ya biashara. Mare, unauliza nini?"

Editha alikuwa ameshatoa simu. Pacing alipokea akapiga kelele za furaha, akauliza anarudi lini, akasema meza ni kubwa mno kwa kizee mmoja. Editha alisema ataichukua nusu, na atamsaidia kusaga kila alfajiri. Kisha akaomba jambo moja: rojo la mwisho wa siku, lote, liwe lake.

"Mama yako huja kulichota," alisema Pacing. "Nimwambieje?"

"Mwambie Editha amerudi."

Mkataba wake unaisha tarehe 2 Septemba. Siku hiyo hiyo atapanda ndege, na tiketi ameshakata. Nyumbani amewaambia anakuja kumsaidia Jovelyn. Wamemwekea kitanda katika chumba cha Mika. Jumatatu tarehe 4, kengele ya kanisa ikilia, atakuwa ng'ambo ya barabara, kwenye meza ya Pacing, na karai lake mwenyewe.