Kisanduku cha Mwenye Mashine

Mwanangu, ipo siku naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, na wala haikuwa na kishindo chochote. Nilikaa kwenye benchi la duka moja la steshenari, karibu na stendi ya Ikwiriri, nikaweka sahihi yangu kwenye karatasi, nikarudi nyumbani mapema nimefurahi. Kumbe nilikuwa nimempoteza mdogo wangu.

Kwanza ujue tulivyokuwa. Baba alituachia mashine ya kukoboa mpunga. Mama alitangulia, yeye akafuata mwaka uliofuata, nami nikatoka shule darasa la sita ili mashine isizimike. Nyuma yangu alikuwapo Selemani, na wa mwisho Zaituni, ambaye hata meno ya utoto yalikuwa hayajang'oka. Baba alipoona hali yake si nzuri alituita, akatushikisha sote watatu hendeli ya injini, ile ya kuzungushia dizeli mpaka iwake, akasema, "Hii ni yenu. Si ya mmoja." Tangu hapo, kila msimu wa mpunga ulipofunguliwa, tuliiwasha hivyo hivyo, mikono sita kwenye chuma kimoja, tukikanyagana miguu na kucheka. Watu wakatupa jina. "Peleka mpunga kwa Mayatima," walisema, na kwa Mayatima walikuja, hata wa kutoka kijiji cha Mkongo.

Biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kununua na kuuza, na sisi wenye mashine tukawa tunatakiwa kupeleka ritani ya kodi, ile fomu ya hesabu ya mapato, kila mwaka. Nilikuwa naijazia kwenye ofisi ya kodi, mbele ya karani mmoja mtu mzima. Kazi hiyo ilinimalizia siku nzima, pengine mbili. Karani aliuliza maswali mpaka nikachoka, lakini alinisikiliza. Nilipomwambia mashine ni yetu watatu, akaandika jina langu palipotakiwa jina, kisha pembeni, kwenye ukingo mweupe wa karatasi, akaongeza kwa kalamu yake: "pamoja na wadogo zake wawili." Sikujua ukingo ule ulikuwa na thamani gani.

Daraja la Ndundu lilipofunguliwa, magari yakaacha kungojea kivuko, na mambo ya mjini yakatufikia upesi. Mojawapo lilikuwa kompyuta ya kijana tuliyemwita Fundi, mwenye lile duka la steshenari. Ndani yake mlikuwa na programu ya kujazia ritani. Wewe unajibu, yenyewe inapiga hesabu na kutoa karatasi safi, nusu saa umemaliza. Mara ya kwanza alikuwa anajaza bure. Nami nilikuwa na magunia ya watu yananisubiri.

"Mwenye mashine nani?" aliniuliza, macho kwenye kioo.

"Sisi watatu. Katuachia marehemu baba."

"Hapa panataka jina moja, dada."

"Si uandike yote, yafuatane?"

Akajaribu. Kisanduku kikageuka chekundu. "Umeona? Imekataa."

"Basi andika la baba."

Muuza vitumbua mmoja, aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha mwanawe, akaangua kicheko. "Weye Mwanahamisi! Unataka marehemu afufuliwe aje kudaiwa kodi?"

Benchi zima likacheka, nami nikacheka nao nisionekane mshamba.

"Weka lako," Fundi akasema. "Si ndo mkubwa? Utarekebisha baadaye."

Karatasi ilipotoka, chini kulikuwa na mstari wa Kiingereza, na mbele yake alama ya vema iliyokwisha kuwekwa. Maneno niliyaona, maana yake sikuijua. Ningeuliza tu, mwanangu: hapa pameandikwa nini? Lakini watu walikuwa wanangoja nyuma yangu, na mimi wa darasa la sita niliona haya. Nikasaini.

Mwaka uliofuata nilipofika, jina langu lilikwisha kujaa lenyewe. Programu ilikuwa inakumbuka. Nikaona raha, kama mtu anayepokewa dukani na mtu anayemjua. Sasa haikuwa bure tena, lakini ningekwenda wapi? Taarifa zangu zote zilikuwa ndani ya ile kompyuta, mimi sikuwa hata na daftari. Mwaka wa tatu nikamwambia Fundi, nataka tuweke sawa lile jina. Akaniambia ikiguswa mwaka mmoja lazima irudiwe miaka yote, na kila mwaka una malipo yake. Mafuriko yalikuwa yamechukua mpunga mwingi bondeni, mashine ilikuwa inalala siku nzima bila kazi. Nikasema, mwakani inshallah. Neno hilo mpaka leo likinitoka mdomoni nalisikia lilivyo chungu.

Zaituni wakati huo alikuwa chuo cha ualimu, Dar es Salaam, na karo yake ilitoka kwenye mashine ile ile. Alikuja likizo akitafuta cheti chake cha kuzaliwa, akafungua sanduku la bati ninamoweka karatasi. Mimi nilikuwa uani napepeta. Alitoka ameshika zile ritani tatu.

"Dada, unajua hapa pameandikwa nini?"

"Mambo ya kodi hayo."

"Pameandikwa wewe ndiye mmiliki pekee. Pekee, dada. Na umethibitisha kwamba hakuna mwingine mwenye haki. Sahihi hii si yako?"

Nilimweleza habari za kompyuta, kisanduku chekundu, Fundi, benchi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mwongo.

"Mwaka wa kwanza hukujua," akasema. "Na wa pili? Na wa tatu? Jina lako hukuliona?"

Mwanangu, Kiingereza sikukijua, lakini jina langu nilikuwa nalijua kulisoma.

"Mali ya yatima, dada," akasema taratibu, na kwetu sisi hakuna neno zito kupita hilo. Asubuhi yake alipanda basi. Selemani alichukua oili akaenda kuipaka mashine, akanipa mgongo siku nzima.

Nilikwenda Mkongo kwa mjomba Athumani, kaka yake mama, nikitaka anipoze. Nilimkuta anasuka mkeka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Uliona kwamba jina moja halitoshi?"

"Niliona, mjomba. Ila kompyuta ilikataa."

"Kalamu alishika nani?"

"Mimi."

"Basi wacha kuniletea kompyuta hapa. Kompyuta haikushikishwa hendeli na baba yako. Wewe ulishikishwa." Akarudi kwenye mkeka wake. Baadaye, bila kunitazama, akasema, "Ungerudi nyumbani na ile karatasi kabla ya kuisaini, ukawaonyesha wenzako, ungepoteza nini? Siku moja?"

Nilifunga mashine katikati ya msimu. Mimi na Selemani tukaenda ofisi ya kodi, tukakaa mbele ya mtu, tukaeleza upya tangu mwanzo. Miaka yote mitatu ikarudiwa, na adhabu ikaja kwa jina langu, si kwa jina la Fundi wala la programu yake. Yeye alikwisha kufunga duka akahamia kwingine. Majina yetu matatu yakaandikwa kama yanavyostahili. Nikampelekea Zaituni nakala mwenyewe mpaka chuoni. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Asante, dada," kama unavyomwambia mtu aliyekupisha njia.

Karatasi ilikwisha kupona, yeye bado. Msimu uliofuata hakuja kuwasha mashine. Wala wa pili. Akapangiwa kazi mbali, akaolewa, watoto wake wakawa wananiita mama mkubwa kwenye simu tu. Kila msimu mimi na Selemani tulizungusha hendeli wawili, na kila mara nilisogeza mkono wangu pembeni kidogo, nikaacha nafasi yake.

Zaituni alikuja siku alipofariki mjomba. Baada ya hitima alinikuta kwenye kibanda cha mashine. "Si mpunga umeanza kuvunwa?" akasema. "Twende tukawashe." Tukamwita Selemani. Lakini umeme ulikuwa umefika Ikwiriri, na ile injini ya dizeli tuliiuza mwaka uliopita tukafunga mota. Zaituni akatazama huku na huku. Ukutani palikuwa na swichi moja, ndogo, ya kutosha kidole kimoja.

"Hendeli iko wapi?" akauliza.

Tulisimama watatu mbele ya kile kitufe, watu wazima, mvi zimeanza, mpaka Zaituni akasema, "Bonyeza wewe, dada." Nikabonyeza. Mashine ikawaka.

Mwanangu, siku hizi ritani unaijaza kwenye simu umekaa kitandani, nami sikukatazi. Ila nimekuona kidole chako kinavyokimbilia "endelea." Soma kwanza. Usipoelewa, uliza, hata kama nyuma yako wako watu mia. Neno la siri la akaunti yako likae kwako, na nakala ya kila unachotuma iwe mkononi mwako, usije ukawa mateka wa anayekujazia. Kilichojaa chenyewe mwaka huu kikague kama kigeni. Na ukifika kwenye kisanduku ambacho ukweli wako hauenei, simama hapo hapo. Nenda ukatafute mtu mwenye kalamu. Usiupunguze ukweli ili utoshe, kwa sababu utakaowapunguza ni watu.

Mungu akupe riziki ya halali, mwanangu, na akupe subira ya kupoteza siku moja. Na msimu ukifunguliwa, nduguzo wote wawe karibu nawe.