Kompyuta Iliyodai Buti

Baba Fadhul, mdogo wake baba yangu, alikuwa na vituko, nasi tulimzoea. Alitengeneza redio sokoni Arua. Zamani alikuwa askari, na tangu arudi kutoka ukimbizini Sudan hakuvaa kiatu cha kufunga. Harusini ndala, Idi ndala, kwenye matope ya Koboko ndala hizohizo. Tukimcheka, alisema vidole vyake vinataka hewa.

Kompyuta niliileta mimi, Sadiya, mwaka 1996, kuukuu kutoka ofisi moja ya Kampala, na majivuno yangu yakaja nayo. Nilimwambia kila mtu kwamba mashine hii haisahau kitu. Baba Fadhul aliketi mbali nayo, kama mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba yenye mbwa.

Kazi ya kwanza ya kompyuta ilikuwa tangazo la kumtafuta baba yangu, Umaru. Alipotea vitani 1979, watu walipokimbilia mpakani. Mama yangu, Medina, hakuolewa tena wala hakukaa eda, maana eda ni ya mke aliyefiwa, na yeye alisema ana mume. Kila siku alimtengea Umaru sahani, ikapoa, ikaliwa na watoto. Sasa lori la wafanyabiashara lingepeleka tangazo letu Yei, ng'ambo ya mpaka, Sudan.

"Andika yeye navaa buti," mama aliniambia. "Ile ya kushoto nashonwa na waya ya simu."

Baba Fadhul alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akatoka. Mimi niliona nini? Nilikuwa natafuta herufi.

Asubuhi ya lori kuondoka, kompyuta ikagoma. Ilinguruma, ikalia mlio mmoja, kioo kikabaki cheusi chenye maneno machache meupe. Nikazima, nikawasha. Nikatazama kama nimesahau diski mdomoni mwake, hamna kitu. Nikachomoa nyaya za nyuma nikazirudisha, maneno yaleyale. Nilitaka kulia kwa hasira, kwa sababu tangazo lote lilikuwa humo ndani na sikuwa nimechapa hata karatasi moja.

"Iko nasema nini?" Baba Fadhul aliuliza kutoka mlangoni.

Nikamsomea: "Disk boot failure."

Kiingereza chake kilikuwa cha kambini, lakini neno moja hapo alilijua kuliko mimi.

"Buti?"

"Ndiyo, Baba. Iko natafuta boot, haipati."

Uso wake ulikauka palepale. Akashika mwimo wa mlango.

"Nani naambia yeye mambo ya buti?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, nikainamia bisibisi yangu. Nilipoinua kichwa hakuwapo. Nikasikia jembe nyuma ya jiko, nikadhani amekwenda kuchimba mihogo.

Nikafungua kifuniko, nikapuliza vumbi. Ule waya mpana na bapa unaokwenda kwenye diski ya ndani ulikuwa umelegea upande mmoja. Labda tuliutikisa tulipohamisha meza kufagia. Nikaukandamiza kwa kidole gumba, nikawasha. Ikaamka! Tangazo lilikuwepo, neno kwa neno. Nikamwita mama kwa vigelegele, naye akaja mikono ikiwa na unga.

Hapo Baba Fadhul akaingia amebeba turubai lenye udongo. Hakututazama sisi. Alipiga magoti mbele ya kompyuta, akafungua turubai, akapanga buti mbili chini ya meza.

"Hizi hapa," akaiambia mashine. "Sasa wacha hii mutoto."

Ya kushoto ilishonwa kwa waya wa simu.

Nilitaka kumwambia kwamba boot ya kompyuta si buti, ni kuamka kwake tu, lakini alikuwa amemgeukia mama.

"Shemeji," akasema akiwa bado magotini, "Umaru nakufa njiani, mbele ya kufika mpaka ya Oraba. Mimi nazika yeye na mikono yangu. Miguu yangu ilikuwa wazi, nikavaa buti yake mpaka Sudan."

"Na hukusema?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo mno.

"Narudi, nakuta wewe naweka sahani yake. Nikasema, kesho. Kila siku nikasema kesho."

Nilingoja mama apige yowe. Alikaa chini, akaipakata buti ya kushoto, akapitisha kidole chenye unga juu ya ule waya.

"Hii nashona mimi," alisema.

Lori liliondoka bila tangazo letu. Wazee wa msikiti walikuja na maneno mazuri, wakamweleza mama kwamba eda yake ilikwisha pita zamani sana. Akawauliza, "Eda napita kwa nani?" Akavaa nguo nyeupe, akaingia chumbani kukaa eda ya mume wake.

Adhuhuri ya siku hiyo ya kwanza aliniita mlangoni. Alikuwa ameshika sahani ya Umaru, imejaa, inafuka moshi.

"Peleka kwa Fadhul," alisema. "Ambia yeye akule haraka, kabla haijapoa."