Risasi ya Mjomba, Maji ya Moto ya Mama

Kabla sijaumia nilikuwa mtu wa kupanda ngazi mbili mbili. Ninaanzia hapo kwa sababu akina mama wa jumuiya yetu hapa Schaerbeek, Ubelgiji, walioniomba niandike haya, wanataka ushuhuda, na ushuhuda huanza na mtu mzima wa afya. Haya, nilikuwa mzima. Nilikuwa nasoma sheria, mwaka wa mwisho, nakimbilia tramu asubuhi na kubishana mchana kutwa. Jina langu Salma. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, nikaletwa Ubelgiji nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama husema neno langu la kwanza lilikuwa "kwa nini". Siiamini hadithi hiyo. Hakuna mtoto anayeanza na maneno mawili.

Chuoni kwetu kuna chama cha mdahalo. Msimu ule mada ilikuwa haki ya raia kumiliki silaha. Je, iandikwe ndani ya katiba, kama Wamarekani walivyoiandika, au ibaki jambo la kibali kama hapa Ubelgiji, ambapo serikali hukupa ikiridhika na kukunyang'anya ikikutilia shaka? Mimi nilipangiwa upande wa kupinga haki hiyo. Nilijua pa kwenda kuzijaribu hoja zangu. Tonton Radjabu, kaka yake mama, alikuwa upande wa pili kwa moyo wake wote.

Mtu asimcheke. Wakati wa vita, baba yangu alichukuliwa mlangoni petu na watu waliokuja na bunduki. Hakurudi. Tonton alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, nyuma ya magunia ya mchele, amemziba mama mdomo kwa kiganja, na mama amenibana mimi kifuani. "Waliobisha hodi walikuwa na bunduki," husema. "Sisi tulikuwa na kufuli." Alipopata uraia wa hapa alijiunga na klabu ya kulenga shabaha, akafaulu mitihani yote, akapewa kibali cha bastola moja. Wenzake pale klabuni waliita mchezo. Yeye hakuwahi kuita hivyo.

Basi Jumapili moja baada ya chakula, ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, nikaanza. Nilimwambia kwamba silaha ya nyumbani humpata mwenye nyumba zaidi kuliko mwizi. Tonton akamtazama mkewe, Tantine Mwajuma, kama mtu anayeomba subira.

"Maître Salma," akasema, maana huniita wakili tangu nilipoingia chuo, "umeshawahi kuishika hata moja?"

"Sijawahi kushika ebola pia, Tonton."

Tantine alicheka hadi akaweka sahani chini. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomwinua Tonton kitini. Alileta sanduku lake kutoka chumbani, akalifungua kwa ufunguo, akaitoa bastola. Akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akakiweka mezani kando ya karanga. "Voilà," akasema. "Sasa ni chuma tu. Nyundo ina hatari zaidi." Akaielekeza sakafuni, akavuta kifyatulio.

Ndani ya chumba kidogo ule mlio hausikiki kama mlio. Ni kama kupigwa makofi masikio yote mawili kwa pamoja. Niliona meza ikiruka. Nikasikia harufu ya kuungua, nikafikiri ni sufuria. Halafu nikaona mguu wangu wa kushoto, chini ya goti, umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Damu ilikuwa nyeusi kuliko nilivyotarajia. Maumivu hayakuwepo kwanza. Yalikuja baadaye, na yalipokuja niliuma mto wa kochi.

Tonton alivuta kitenge begani kwa Tantine, akanifunga juu ya goti, akabonyeza jeraha kwa mikono yote miwili mpaka ambulensi ilipofika. Alikuwa anarudia jambo moja tu, kwamba alikuwa ameitoa, alikuwa ameitoa.

Magazini aliitoa kweli. Risasi moja ilikuwa imebaki ndani ya mtutu. Wiki chache kabla yake, jirani wa ghorofa ya juu alirudi amelewa, akakosea mlango, akawa anahangaika na kitasa chao. Tonton alitoa bastola, akaijaza, akaikoki risasi ikapanda mtutuni, akasimama nyuma ya mlango. Jirani akaomba radhi, akaenda zake. Tonton akachomoa magazini na kuifungia bastola sandukuni huku mikono ikimtetemeka. Ile moja aliisahau. Sheria inataka silaha ikae tupu nyumbani, na yeye aliijua sheria hiyo kuliko mimi. Aliwaeleza polisi yote bila kuulizwa mara mbili. Bastola na kibali vikachukuliwa, na hakuomba arudishiwe.

Hospitali walikuta mfupa wa muundi umevunjika vipande. Waliweka bamba la chuma na skrubu. Nilipozinduka nilitapika, nikauliza kama mguu upo. Daktari, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, akalivuta shuka ili nijionee. Ulikuwepo, umevimba, wa rangi ya manjano kwa sababu ya dawa, na mrija mwembamba ukitoa maji ya damu. "Utatembea," akasema. "Kukimbia, hilo siahidi." Nilimshukuru kwa kutoahidi. Watu wanaoahidi kila kitu hunitia wasiwasi.

Kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Kibelgiji, amevunjika nyonga. Aliishi Bukavu ujanani na mumewe, enzi za ukoloni, na aliposikia mama akiniombea dua alitugeukia na Kiswahili cha kule.

"Mutoto, ni nani alikupiga?"

"Mjomba wangu."

"Mulikosana?"

"Hapana, maman. Tulikuwa tunajadili katiba."

Alifikiri kidogo, akasema hiyo ni sababu mbaya kuliko kugombea mali. Siku nyingine, bila mtu kumuuliza, akaniambia: "Bwana yangu kule alikuwa na bunduki tatu. Ya tembo, ya ndege, na moya ya kuogopesha. Muntu mweusi, hapana. Kwake ilikatazwa. Na mimi nilikuwa nalala muzuri, sikuuliza kwa nini."

Nilikaa na maneno hayo juma zima. Nilikuwa nimesoma hoja za pande zote mbili, na hakuna iliyonishika kama ile. Haki hii, popote ilipowahi kuwepo, iliandikwa kwa ajili ya mikono ya nani, na ikafungwa mbele ya mikono ya nani? Hoja nzito kuliko zote dhidi ya upande wangu, kwamba anayetoa kibali ndiye anayechagua nani abaki mikono mitupu, ilitoka kwa bibi aliyelala na mfuko wa mkojo umening'inia kitandani.

Nikaruhusiwa kwenda nyumbani na magongo. Kila siku muuguzi alipita kunichoma sindano tumboni ili damu isigande. Mama akanilaza sebuleni, na wageni wakaja, kila mmoja na sufuria yake. Tonton hakuingia. Alifika kila siku akitoka kazini, akakaa kwenye ngazi nje ya mlango wetu na koti lake mapajani. Tantine alipomwambia aingie, alisema anapumzika tu. Nilimsikia akikohoa pale nje.

Kisha shavu la mguu likavimba, upande wa nyuma, mbali na jeraha. Likawa gumu, la moto, ngozi inang'aa. Ninyi mnaosoma haya mnajua kilichofuata, kwa sababu kwenu kingefuata hicho hicho. Mama na Tantine walichemsha maji, wakatia chumvi, wakachovya taulo, wakanikanda. Kwetu mzazi hukandwa, aliyeteguka hukandwa, mzee aliyechoka hukandwa. Niliuliza kama tusimpigie daktari kwanza.

"Tangu lini mguu uliovimba ukaombewa ruhusa?" mama akasema, akakamua taulo.

Na niseme kweli, nilisikia raha. Vidole vya mama vilipanda kutoka kifundoni hadi gotini, taratibu, kwa nguvu, na nikasinzia.

Kesho yake alasiri nilinyanyuka kwenda chooni. Sikufika. Pumzi ilikatika kama mtu amefunga bomba. Nikaanguka kwenye korido, ubavu ukinichoma kila ninapovuta hewa, kama sindano ya magunia inayoingia na kutoka. Moyo ulikwenda mbio mno. Nilikohoa, na kwenye kiganja kukawa na uzi mwekundu. Mama alipiga kelele jina la kaka yake kabla ya jina langu, na Tonton, aliyekuwa ngazini, aliusukuma mlango ule kwa bega akaingia. Alipiga simu ya dharura. Alinikalisha, akaniegemeza kifuani pake, akawa ananihesabia pumzi kwa Kifaransa, un, deux, un, deux, kama mwalimu wa mazoezi.

Kwenye chumba cha dharura daktari kijana alifikiria nimonia, akafikiria hofu. Akauliza kama kuna lolote limefanyika kwenye mguu. Mama akatazama sakafu. Tantine akarekebisha mtandio. Waliogopa kuchekwa, na waliogopa zaidi kuambiwa wao ndio wameniua. Ningesema mwenyewe, lakini sikuwa na pumzi ya sentensi.

Tonton akasema. "Docteur, shavu la mguu lilivimba, wakalikanda. Kwa maji ya moto, kwa nguvu. Walifanya kwa mapenzi." Kisha akamgeukia mama, kwa Kiswahili, polepole: "Dada, kilichokuwa ndani ndicho kilichompiga mara ya kwanza. Tusifiche tena cha ndani."

Daktari hakucheka. Alikwenda haraka, wakaniingiza kwenye mashine ya picha. Bonge la damu lilikuwa limetoka mguuni na kukwama kwenye mapafu. Walinipa dawa ya kulainisha damu kwa mshipa, na oksijeni, na kitanda ambapo mashine zinakulindia moyo. Yule daktari mrefu alikuja. Alimwambia mama kwamba bonge lile linaweza kumpata hata mgonjwa anayechomwa sindano kila siku, kwamba kuvimba hakukuletwa na yeye, ila kukanda kunaweza kulisukuma. Akaniambia mimi kwamba bila kuelezwa ukweli wangechelewa, na saa zile sikuwa nazo za kuchelewa. Mama alilia bila sauti. Daktari akampa kiti, wala hakumharakisha.

Nikiwa pale ndipo Tonton alipoketi kuzungumza nami kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Alisema amefikiria jambo. Kama angekuwa na bastola usiku ule wa Buyenzi, labda angewapiga waliomchukua baba. Labda. "Na labda, kwa mikono hii inayotetemeka, ningempiga mama yako nyuma ya magunia. Sijui, Salma. Zamani nilikuwa najua."

Sikumjibu kwa hoja. Nilimshika kidole kwa mkono usio na mirija.

Nimepona polepole, bila muujiza wa kuonyesha. Miezi ya vidonge. Magongo mawili, kisha moja, kisha ukuta, kisha hewa. Msituni Auderghem, pembezoni mwa mji, nilijifunza upya kutembea kwenye ardhi isiyo sawa, Tonton akinitangulia na kupiga mizizi kwa kiatu ili niione. Pale bado tunabishana. Yeye anasema serikali ikiwa peke yake na bunduki, raia analala kwa huruma ya serikali. Mimi nasema raia wote wakiwa nazo, kila mtu analala kwa huruma ya jirani aliyelewa. Hakuna aliyemshinda mwenzake.

Chama cha mdahalo kilinialika tena. Upande wa kupinga ulitaka nisimame niwaonyeshe kovu. Upande wa kuunga mkono nao ukanitafuta, ukitaka niseme kwamba kosa lilikuwa la kanuni iliyovunjwa, si la haki yenyewe. Kila upande ulitaka mguu wangu. Niliwaambia nina mguu mmoja wenye chuma na nauhitaji kwa kutembea. Mguu mmoja hauthibitishi katiba. Ila nilisema hili, na ninalirudia hapa: katika vitabu vyao kuna mtu mwema mwenye silaha na mtu mwovu mwenye silaha. Sikumkuta mle ndani mtu anayekupenda, aliyeshiba, anayetaka tu kukuonyesha kwamba huna haja ya kuogopa.

Sasa shukrani. Sina uhakika zikitoka kwangu huenda wapi. Mama anasema alhamdulillahi, na mimi nasema nami, kwa sauti, na kuutafakari uhakika wangu baadaye. Namshukuru daktari asiyeahidi asichokiweza, na yule kijana aliyeuliza swali kisha akangoja jibu. Nawashukuru wauguzi walioniosha bila kunifanya nijione mzigo. Bibi wa Bukavu namshukuru kwa kuisema kweli iliyomwaibisha. Wewe Tantine, nashukuru kwa kitenge, ambacho hakikutakata tena. Na Tonton, kwa kinywa chake.

Na ushauri, kwa kuwa mmeniomba. Mtu akitaka kukuonyesha silaha yake ili ujue ni salama, toka chumbani kwanza, mbishane mkiwa mlangoni. Na mguu mmoja ukivimba baada ya upasuaji au baada ya kulala muda mrefu, ukawa mgumu na wa moto, usiukande. Mpigie daktari. Ukiwa umeshakanda, sema. Hospitali hawakungojei wakuhukumu. Wanangoja wajue.

Tangu siku ile mama hakuugusa mguu wangu. Alinipikia, alinifulia, alinisukia nywele, lakini mguu aliupita kama unavyopita moto. Juzi daktari alisema damu iko sawa, vidonge basi, na kwamba kovu limekaza, linahitaji kusuguliwa kwa mafuta kila siku ili lilainike. Angenipa mtaalamu. Nikasema nina mtu.

Mama alimwomba daktari arudie. Akamwomba tena. Akauliza mafuta gani, kwa nguvu gani, kuelekea wapi. Jioni aliketi chini ya kochi na chupa ya mafuta ya nazi, akayapasha moto viganjani, akainua uso.

"Nifanye?" akaniuliza.

Katika maisha yangu yote mama hajawahi kuniuliza hivyo. Nikauweka mguu mapajani mwake.