Bibi Zangu Wawili na Kitabu cha Ubatizo

Mwaka ule maduka ya Tukuyu yalipoanza tena kujaa sabuni na mabati, mchungaji wetu aliniomba ninakili kitabu cha kwanza cha ubatizo. Mvua ilikuwa imekilowesha, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilisifika kwa mwandiko.

Bibi yangu aliposikia, alikuja kwangu, mtaa wa Bagamoyo hapo hapo Tukuyu, kwa miguu kutoka kijijini Lufingo, ndizi kichwani.

"Humo nimo," alisema hata kabla ya kukaa. "Na yule naye yumo. Tazama nani alitangulia kuzaliwa."

Yule ni jirani yake, ambaye nami nilimwita bibi. Walikaa benchi moja kanisani tangu usichana wao, na miaka yote hiyo waligombea ukubwa. Kwenye sherehe zetu bakuli la kwanza la nyama hupewa bibi mkubwa kuliko wote. Ili kuepuka ugomvi, wahudumu walizoea kuwapelekea mabakuli mawili kwa pamoja, wakitembea sambamba kama askari wa gwaride.

Kazi ilinilia likizo nzima. Mmisionari Mjerumani aliyekiandika alikuwa na herufi zilizolaliana, na kuna ukurasa ulionichukua siku mbili. Mwishowe niliwakuta, mmoja chini ya mwenzake. Walizaliwa mwaka mmoja. Jirani mwezi wa tatu, bibi yangu mwezi wa nane.

Nilimkwepa bibi wiki nzima. Jumapili akanibana nje ya kanisa, jirani akiwa pale pale.

"Sema, mwalimu."

"Bibi, amekutangulia. Miezi mitano."

Jirani alipiga vigelegele mpaka wanakwaya wakageuka. "Niamkie!" akasema.

Nilidhani bibi angelia. Alipiga goti kwenye tope, akasema, "Shikamoo, dada," akangoja marahaba yake, kisha akainuka akijipangusa.

"Ndaga fijo, mjukuu wangu, asante sana," akaniambia. "Kumbe mimi bado kijana."

Siku ya gulio alinipeleka kwenye mitumba, akachagua koti jekundu lenye vifungo vikubwa, akaingia nalo kanisani. Mchungaji alipomwomba aongoze sala ya kina mama, alijibu kwa upole, "Mkubwa yupo." Jirani, aliyekuwa na hofu ya kusema mbele za watu, akasimama, akaisali haraka haraka. Ikawa hivyo kila Jumapili.

Baada ya mwezi jirani alibisha hodi kwangu.

"Mwalimu, mwandiko wa Wajerumani ni mgumu. Hukusoma vibaya?"

"Nilisoma mara tatu, bibi."

Akatazama nje. "Na koti kama lile, linapatikana wapi?"

Kwenye mitumba tulikuta la kijani tu, mikono yake mirefu kidogo. Hakutaka lifungwe kwenye gazeti. Alilivaa pale pale, akakunja mikono ya koti, akaniambia twende tupitie kwa bibi yangu kwanza.