Mdomo Nyuma ya Maiki

Watu wanadhani kupiga picha shoo ya hip-hop ni kubonyeza tu. Waje Tunduma Jumapili mchana, kwenye ukumbi ulio nyuma ya foleni ya malori, wasimame mbele ya spika inayotikisa mpaka lenzi, halafu wamwombe jamaa aliyeko jukwaani atulie sekunde mbili. Hatulii. Anaruka, anainama, anakupa mgongo ukishamlenga, na ile mashine ya moshi inafuka kama jiko la kuni mbichi. Mimi nilikuwa napigia juu ya kreti za soda. Nyumbani walijua niko mazoezi ya kwaya. Kwa sauti yangu hii, wangefikiri kidogo tu wangenikamata.

Kamera ilikuwa ya baba mdogo, mwenye studio ya picha za pasipoti na harusi. Niliyekuwa namfuata ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Aliacha kahawa ya mama yake kule Igamba, akaja Tunduma kupakua mizigo kwenye malori na kuchana mistari. Kuchana alijua, hilo hata maadui zake walikubali. Alichanganya Kiswahili na Kinyiha, na akiona kuna watu wamevuka mpaka kuja kumsikiliza anawarushia "Mulishani!", salamu ya kwao Zambia, ukumbi mzima unapiga kelele.

Kwa mpiga picha, maiki ni adui. Wachanaji wanaibana mdomoni kama wanataka kuila. Kwa hiyo unasubiri. Mwisho wa mstari mtu lazima avute pumzi, maiki inashuka kidogo, uso unafunguka, hapo ndipo unabonyeza. Kwenye shoo yake ya kwanza nilimpata hivyo mara moja. Kacheka, meno yote nje, na pengo lake la mbele linaonekana vizuri kabisa. Pengo hilo alilipata utotoni, aliteleza kwenye mawe ya mtoni akimfuata mama yake kuosha kahawa.

Baada ya shoo tulikaa nje na washkaji, nawaonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Ilipofika ile, mdomo wangu ukanitangulia kama kawaida yake.

"Oya, njooni muone. Hapa lori linapita bila kukaguliwa."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Weka geti hapo, bro!"

"Tandamu inapita hiyo, na tela lake!"

Kaka naye alicheka. Alicheka mkono ukiwa mdomoni, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona mkono ule.

"Futa hiyo, dogo."

"Kaka, hii ndiyo kali kuliko zote."

"Nimesema futa."

Nikafuta.

Shoo iliyofuata aliishika maiki kwa namna nyingine. Aliifunika kichwa chote kwa ngumi, akaigandisha kwenye midomo, na hakuishusha hata alipokuwa hachani. Hata kusalimia watu alisalimia nyuma ya ngumi. Nilipiga kutoka kushoto, nikahamia kulia, nikalala chini kabisa karibu nikanyagwe. Nilipata kofia, macho, ngumi. Ikitokea kacheka kwa bahati mbaya, tukikaa kupitia picha alikuwa anasema, "Hii futa. Na hii. Mtu wa hip-hop hacheki, dogo." Nikafuta tena na tena, kwa kidole hiki hiki.

Watu mtaani walizipenda zile picha. Walisema kaka ana staili. Vijana wawili watatu wakaanza kumuiga, nami nikajivuna kwamba staili ile imetoka kwenye kamera yangu. Ningeweza kuandika kwamba sikujua imeanzia wapi. Nilijua. Kila nikikutana naye barabarani nilimpigia honi kwa mdomo, pooo, kama lori linaloomba njia. Alikuwa anacheka. Mkono mdomoni.

Alianza kuumwa Jumamosi. Alisema ni uchovu wa kubeba magunia. Jumatatu wakampeleka hospitali, Jumanne nikaitwa nje ya darasa. Nilidhani ni kesi, nikawa natembea huku natunga uongo wa kujitetea. Mwalimu hakunigombeza. Alinishika bega, na mimi nikajua, kwa sababu yule mwalimu hajawahi kunishika bega bila fimbo.

Igamba walihitaji picha. Inasimamishwa mbele ya jeneza, kisha inabebwa mpaka kaburini. Mama mkubwa alikuwa nayo moja tu, ya darasa la saba, mtoto ana shingo nyembamba na kola kubwa. "Huyo ni mtoto," wajomba walisema, "na tunayemzika ni mwanaume." Simu ya kaka ilikuwa imekufa kabla yake, ilidumbukia kwenye ndoo. Kiti cha studio ya baba mdogo hakuwahi kukikalia, alisema ni cha maharusi na watu wa vitambulisho. Kwa hiyo mama mkubwa akanipigia mimi. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unampiga picha. Niletee moja nimwone uso."

Baba mdogo aliingiza memori kadi kwenye kompyuta. Tukapitia zote, shoo kwa shoo.

"Mdomo wake uko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya maiki."

"Picha zote hizi?"

"Zote, baba mdogo."

Akasogeza nyingine kumi, kumi na tano. Akavua miwani. "Hivi wewe ulikuwa unampiga picha mtu au ulikuwa unapiga maiki?"

Nikaichukua miwani yake mezani, nikaifuta kwa shati langu.

Baba mdogo akafanya anachokijua. Alimvua kaka kofia kwa kompyuta, akamvika suti na tai, akaondoa ngumi, akatafuta mdomo kwenye picha za bwana harusi mmoja mwenye rangi inayokaribiana na yake. Kazi ilikuwa safi. Ungemwona ungemkopesha gari. Alisafisha pia ile nyingine, yenye maiki, akaitia kwenye fremu ya akiba, tukapanda kwenda Igamba.

Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga mbili kichwani. Akaipokea picha ya suti, akafuta kioo kwa upindo wa kanga. Akaitazama muda mrefu.

"Haya meno ni ya nani?"

Baba mdogo akanyoosha mkono kuichukua picha, mama mkubwa akaivuta kwake.

"Mwanangu ana pengo. Nililiona likiingia, damu ilinimwagikia hapa." Akagusa kifua chake. "Mnataka nimzike na meno ya watu?"

"Shemeji, nilitaka apendeze," baba mdogo akasema kwa sauti ndogo.

"Alikuwa anapendeza."

Ikabidi tutoe ile ya akiba. Mzee wa kanisa alikohoa, akauliza kama ni sawa marehemu kuingia kanisani na kofia na kipaza sauti. Mama mkubwa akamwambia macho ni ya mwanawe, inatosha. Halafu akanigeukia.

"Lakini mbona ameziba mdomo hivi? Zote ulizonazo ameziba?"

Nafasi ndiyo ilikuwa ile. Ningeweza kusema.

"Ndivyo wanavyoshika, mama mkubwa," nikasema. "Wasanii wote wakubwa."

"Ahaa." Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa maji. "Kumbe."

Tangu hapo kila aliyeingia kutoa pole na kuitazama picha, yeye alimwahi kabla hajauliza. "Ndivyo wanavyoshika," anasema. "Wasanii wakubwa." Aliwaambia kina mama wa kwaya, majirani, mpaka mchungaji. Nami ndiye niliyeibeba picha ile mpaka kaburini, kwa sababu mimi ndiye niliyeipiga. Niliishika kifuani, ikitazama mbele, ili mimi nisiione.

Likizo ya Juni nilirudi kumsaidia mama mkubwa kuchuma kahawa. Picha iko sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Tukiwa jikoni, anasonga ugali, akaacha ghafla, akauchomoa mwiko, akaupangusa. Akaukunjia ngumi na kuuweka mdomoni.

"Hivi?"

"Hivi hivi, mama mkubwa."

Akajaribu kusema kitu nyuma ya ngumi, sikukisikia. Akaushusha.

"Sasa hapa mtu anapumuaje?"

Nikamwambia wanazoea. Akaurudisha mwiko kwenye sufuria, akaendelea kusonga, na mimi nikatoka kwenda kuleta kuni ambazo hakuwa ameziomba.